Chupa za Jumatatu

Tangu wanajeshi washike nchi, dawa ni adimu hapa Kampala. Kwa hiyo kila Jumatatu pale zahanati nilichanganya dawa ya kupimia kifua kikuu, ambayo ikichomwa mkononi mwa mwenye ugonjwa, mkono huvimba, nikaiweka kwenye chupa za kioo itumike wiki nzima. Ijumaa moja, hata mikono ya wagonjwa wa kweli haikuvimba. Nikamfokea Ogwal, mchoma sindano wetu, mbele ya askari waliolinda mlango: “Umeiba dawa, ukajazia maji!” Wakamchukua.

Juzi ndipo nikasoma karatasi iliyokuja na dawa. Ikishachanganywa itumike siku hiyohiyo, maana hunata kwenye kioo, yakabaki maji matupu. Mjinga mkubwa mimi!

Jana Alum, mkewe Ogwal, alikuja nimwandikie barua ya kuwauliza wakubwa wa jeshi mumewe yuko wapi. Akaniita ndugu. Nikaandika kurasa mbili. Chupa sikuzitaja.