Lori la Masama na Rangi Yake ya Vita

Aikande alikuwa fundi rangi mwenye gereji Pasua, mjini Moshi. Kazi yake ilikuwa safi kiasi kwamba mwenye gari alilizunguka mara mbili kabla ya kuamini kuwa ni lake. Kwa hiyo alipoamua kulifufua lori la baba yake, hakutafuta fundi rangi mwingine.

Lilikuwa Bedford la zamani, lililokaa miaka mingi kihambani kwao Masama, shamba la ukoo, migomba imelizunguka na kuku wanatagia ndani ya kabini. Wakati wa vita vya Kagera, serikali ilipochukua malori ya watu binafsi kubeba askari na chakula, baba yake, mzee Anaeli, alikwenda nalo. Yeye alishika usukani, na kijana wa Holili aitwaye Ezra alikuwa utingo wake, msaidizi wa safarini. Walirudi salama, watu na lori. Zaidi ya hapo Aikande hakujua, maana baba yake aliisimulia safari ile kwa kifupi sana: tulikwenda, tukarudi, Mungu ni mwema.

Mwaka huu wapenzi wa magari ya zamani waliandaa maonyesho mjini, na kundi moja lilikuwa la magari yaliyokwenda vitani. Sharti lilikuwa kwamba rangi na alama ziwe zile zile za wakati wa vita. Aikande aliona amepata nafasi ya kumpa baba yake heshima ambayo mzee hakuwahi kuidai. Akalivuta lori mpaka gereji, injini ikatengenezwa kwanza, akamwomba mzee asije kulitazama mpaka aitwe.

Alipolikwangua, juu alikuta bluu, chini yake ile rangi nyekundu iliyoiva iitwayo damu ya mzee, kisha bati tupu. Kijani hakukiona popote. Akadhani kimemalizwa na jua na mvua. Alitazama picha za magari ya jeshi, akachanganya kijani kizito, akakipulizia, akaandika namba nyeupe mlangoni na kuchora mwenge kwenye boneti. Majirani walikuja kupiga nalo picha.

Anaeli alipoitwa alivua kofia, akalizunguka lori polepole, akamshukuru binti yake na kusema kazi ni nzuri. Halafu akakaa juu ya tairi, akiigeuzageuza kofia mikononi. Aikande akamuuliza kama kuna kilichokosewa.

"Ni zuri, mama," alisema mzee. "Ila hili mimi sijawahi kuliendesha."

Ndipo akaeleza. Hakuna aliyewapa rangi ya jeshi, wala muda wa kupaka haukuwepo. Walifika kule na lori lao la damu ya mzee likimeremeta juani, na ofisa mmoja akawaamuru walifiche kabla ndege hazijaliona. Wakachota udongo wa njiani, wakalipaka kwa mikono kuanzia boneti mpaka nyuma. Hiyo ndiyo ilikuwa rangi yao ya vita.

Aikande akakitazama kijani chake. Baba yake akamsihi akiache hivyo hivyo, kwani nani angejua?

"Wewe utajua, baba," alijibu Aikande, na mzee akacheka bila kutaka.

Kwa kuwa waandaaji wangeuliza ushahidi, Jumamosi walikwenda Holili kwa Ezra, ambaye sasa aliuza maturubai na kamba kwa malori yanayovuka mpaka. Aikande alimwamkia shikamoo, akaeleza shida yao. Ezra aliposikia neno udongo alicheka mpaka akatafuta kiti. Alithibitisha yote, kasoro jambo moja. Anaeli alisema ulikuwa udongo mtupu. Ezra alisema ulichanganywa na samadi, na aliyetumwa kuiomba kwenye mazizi ya watu ni yeye, huku dereva wake amekaa kivulini. Tena akakumbusha duara la chokaa walilolichora chini nyuma kwenye difu, lile bonge la chuma katikati ya ekseli, ili gari linalofuata liwaone wanapotembea bila taa. Hilo Anaeli alikuwa amelisahau kabisa, akajipiga paja kwa furaha. Ubishi wa samadi uliendelea mpaka mtori waliokaribishwa ukaisha kwenye bakuli.

Aikande akaona dawa ni kujaribu. Alikipiga kijani msasa, akapulizia damu ya mzee, kisha wakaleta udongo wa kihambani na samadi ya ng'ombe wa Elinipendo, mama yake. Upande wa kushoto walipaka udongo mtupu, wa kulia mchanganyiko. Kesho yake udongo mtupu ulikuwa umepasuka na kuanguka chini vipande vipande. Mchanganyiko ulikuwa umeshika kama ukuta. Ezra, aliyekuja kushuhudia, alinawa mikono taratibu mbele ya Anaeli, mpaka dereva akakubali kwamba ameshindwa. Wakapaka mchanganyiko lori zima, wakachora na duara la chokaa kwenye difu.

Siku ya maonyesho lori lilisimama kati ya magari yaliyong'arishwa. Msimamizi, mwalimu mmoja aitwaye Evelyn, aliuliza kwa upole kama walikosa maji ya kuliosha. Aikande akamweleza. Akamfungulia mlango na kumwonyesha sehemu ya ndani aliyoikwangua lakini hakuipaka: bluu, damu ya mzee, bati. Wazee wakasimulia sehemu yao. Evelyn akainama chini ya lori kutazama duara la chokaa, na alipoinuka alikuwa anatabasamu.

Mara mvua ikaanguka kutoka mlimani, nzito. Udongo ukaanza kuchuruzika, damu ya mzee ikachungulia, na Aikande akahisi kazi yake yote inateremka kwenye mtaro. Lakini wazee walikuwa wanavua makoti.

"Na kule ilinyesha hivi hivi," Anaeli alimwambia. "Tulikuwa tunapaka upya kila ikikatika."

Ilipokatika walichota udongo uwanjani. Aikande akajiunga nao, Evelyn akakunja mikono ya blauzi, na watu waliokuja kutazama magari wakawa wanapaka lori. Huku akipaka, Anaeli alianza kusimulia: askari aliyelala juu ya magunia ya maharage akaamka wameshafika, daraja walilolivuka wakiimba ili wasiogope, Ezra alivyoteleza mtoni akatoka na kiatu kisicho chake. Aikande hakuwahi kuyasikia hayo. Alipaka polepole, ili kazi isiishe upesi.

Jioni mzee aliomba aendeshe mwenyewe kurudi Masama. Ezra alikataa kukaa kabini, akapanda nyuma, mahali pa utingo. Walipofika, Elinipendo alitoka akawatazama wote watatu, matope mpaka kwenye nyusi, akauliza ataanza kuosha yupi. Kisha akaenda kubandika maji, na cheko lake lilisikika mpaka barabarani.