Jina Lililomsubirisha Mbuzi

Mtoto alikuwa amenyolewa upande mmoja tu wa kichwa pale Mzee Hemedi alipouliza jina.

"Sumaiya," Sikudhani akajibu. Alikuwa amempakata mwanawe mkekani, uani kwa wakweze pale Ujiji.

"Sumaiya yupi?"

"Mama yake Ammari, Baba Mkubwa. Yule wa Makka."

Mzee Hemedi, kaka mkubwa wa baba mkwe, akakiweka kisu juu ya jiwe. Bi Mwamvua, mama mkwe, akauondoa wembe kichwani pa mjukuu wake. Na mbuzi, aliyeletwa jana kutoka Mwandiga kwa bodaboda kama gunia, akalia mara moja kisha akaanza kutafuna kamba, kana kwamba keshajua kuwa mambo ya nyumba ile hayaishi upesi.

"Jina hilo halitatoka kinywani mwangu," mzee akasema.

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Katika ukoo ule hakuna aliyechinja mbuzi wa akika ila yeye, na kisu hakipiti mpaka mchinjaji ataje jina la mtoto. Asipolitaja, basi.

"Zainabu ni zuri," akasema shangazi aliyefika asubuhi kutoka Ilagala, ambaye hakuna aliyemuuliza.

Sikudhani akavuta pumzi. Miezi tisa tumbo lilikuwa lake peke yake, leo jina ni la watu wote! Alilichagua jina hilo kwenye darsa la jioni la kina mama, tumbo likiwa kubwa. Ustadhati aliwasimulia jinsi wakubwa wa Makka walivyowaacha Waislamu wa kwanza wenye ukoo wa kuwatetea, wakawageukia wasio na mtu. Sumaiya, mtumwa, mwanamke mzee, alivikwa deraya ya chuma akaanikwa juani, akaambiwa aikane dini. Akakataa. Abu Jahali, mmoja wa wakubwa hao, akamchoma mkuki. Wa kwanza kuifia dini hii, kabla ya mwanamume yeyote aliyeshika upanga. Siku hiyo Sikudhani alilia kwenye mtandio wake, na mtoto akamchezea tumboni. Akasema moyoni, akiwa wa kike, ni huyu.

"Alikuwa mtumwa," Mzee Hemedi akasema.

"Ndiyo."

"Unasema 'ndiyo' kama mtu aliyeulizwa kama chai ina sukari!"

"Baba Mkubwa, mwanao wa kwanza anaitwa nani?"

"Bilali. Kwani humjui shemeji yako?"

"Na Bilali wa Makka alikuwa nani?"

"Mwadhini wa Mtume."

"Kabla hajaadhini?"

Mzee akakohoa. "Huyo ni mwanamume."

Sikudhani akamgeukia mumewe. Nassib, awezaye kubishania bei ya samaki wa migebuka tangu alfajiri hadi adhuhuri, alikuwa akimtazama mbuzi.

"Mimi naona... tuwasikilize wazee," Nassib akasema.

"Basi nyamaza kabisa, baba. Nusu nusu hiyo sitaki."

Jirani yao Rozalia, aliyekuja kusaidia kupika, akachungulia kutoka jikoni, macho mekundu kwa vitunguu, akamaka kwa Kiha. "Yemwe! Wali unashika chini, mtoto kipara upande mmoja. Ingekuwa kwetu padri angekwisha kubatiza wanne!"

"Mtume amekataza kunyoa upande na kuacha upande," Bi Mwamvua akasema, akaushika tena wembe. "Mimi namaliza kichwa. Nyinyi endeleeni na midomo."

"Siwaelewi," Sikudhani akasema kwa hasira. "Kila Maulidi mnalia mkisomewa mateso ya Makka. Sasa nawaletea mmoja wa walioteswa, mnaniambia hafai!"

"Unadhani sijui alivyokufa?" Mzee Hemedi akasimama, kisha akaketi tena, na safari hii aliongea chini chini. "Bibi yangu mzaa baba alivushwa ziwa hili kutoka Manyema, kamba shingoni. Alinunuliwa hapa hapa Ujiji. Mpaka leo barazani pa kahawa, wakitaka kunikata maneno, wananiuliza, 'Nyinyi mlikuja mji huu kwa njia gani?' Umri wangu wote najibu tulikuja kufanya biashara. Leo wewe unataka nisimame uani kwetu nitangaze."

Hata shangazi wa Ilagala akainama. Sikudhani alikuwa na jibu kali tayari ulimini, akalimeza.

"Bibi aliitwa nani?" akauliza.

"Faida. Jina alilopewa na aliyemnunua. La kwao halijui mtu."

Sikudhani akamfunika mwanawe kanga, maana kichwa sasa kilikuwa cheupe chote na upepo wa ziwani ulikuwa umeanza. Akasema polepole, "La Sumaiya tunalijua, Baba Mkubwa. Miaka elfu na mia nne, bado tunalijua. Aliyemwua alikuwa mkubwa wa mji. Umewahi kusikia mtu amemwita mwanawe Abu Jahali?"

Mzee akachukua kisu, akakinoa kwenye jiwe, ingawa kilikuwa kimenolewa tangu asubuhi. Nassib na nduguye Bilali wakamlaza mbuzi, akaelekezwa kibla.

"Bismillahi, Allahu akbar," Mzee Hemedi akasema. "Hii ni akika ya..." Kisha akainua uso kuelekea ukuta, ambao ng'ambo yake ilikuwa baraza ya kahawa, akapaza sauti kuliko ilivyohitajika. "Ya Sumaiya binti Nassib! Wa ukoo wa Faida!"

Ng'ambo ya ukuta mazungumzo yakakatika. Kikombe kimoja kikagonga sinia.

Bi Mwamvua alikuwa akipangusa macho kwa kiganja kilichojaa nywele za mjukuu. Sikudhani akamweka mtoto kifuani anyonye, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi mabega yakamshuka.

"Lakini mimi," akasema shangazi wa Ilagala, "nitamwita Zainabu tu."

Sikudhani akafumba macho.