Ruta Isiyosikia

“Mwambie ni radi, yaishe!” Kafui alirudia. “Ruta za milimani zote zinauawa na radi. Nani atabisha?”

“Radi ya Januari, shemeji? Hata wingu hakuna. Mimi ndiye niliyeiharibu.”

“Na mimi nipo hapahapa nawasikia,” alisema Enyonam, mkunga, kwenye benchi, akitafuna ndizi ya kuchoma na karanga. “Endeleeni tu.”

Kafui ni mdogo wake mume wangu, na duka la ufundi hapa Ho ni letu sote wawili. Hataki jina la duka liharibike. Mimi pia sitaki, lakini jana nilianza kuipandishia ruta ya Enyonam, kisanduku chake cha intaneti, programu mpya nikiamini karatasi ya mgawo wa umeme iliyobandikwa ukutani. Karatasi ilisema umeme upo hadi jioni. Ulikatika programu ikiwa nusu. Tangu hapo taa inawaka nyekundu tu.

Kule milimani kwa Enyonam simu haishiki. Picha za ultrasaundi za wajawazito zinamfikia daktari kwa ruta hiyo peke yake. Kesho ni zamu ya Sitsofe, ana mimba ya mapacha na mmoja amekingama tumboni. Daktari asipoiona picha, hakuna wa kusema kama ateremshwe hospitali au asubiri. Gari la Enyonam lilikuwa linaondoka saa tisa. Ilikuwa saa saba na nusu.

Nilikuwa nimeifungua ruta, nimeunga nyaya za kompyuta kwenye matundu manne ya pembeni, umeme nikauchukua kwenye betri ya gari. Maandishi ya ruta yalikuja vizuri kwenye kioo cha kompyuta: bonyeza kitufe chochote kusimamisha. Nikabonyeza. Yakapita kama sijagusa kitu, na yasiposimama siwezi kuirudishia programu.

“Inaongea lakini haisikii,” nikasema.

“Kama mke wa kaka yangu,” Kafui akasema.

Enyonam akapaliwa na karanga.

Nikazichomoa nyaya, nikaunganisha ya kutuma na ya kupokea. Nilichoandika kikarudi kwenye kioo. Nyaya zilikuwa nzima. Nikashika mita, nikapima kutoka tundu la kupokea hadi kwenye chipu. Mita haikulia: njia ilikuwa imekatika. Katikati ya njia palikuwa na vidoa viwili vya shaba, vitupu. Hapo ilitakiwa rezista ndogo kama punje ya ufuta.

“Umeiangusha wewe na chuma chako cha moto,” Kafui akasema.

“Njoo na lenzi yako uangalie.”

Akaangalia kwa muda mrefu. Vidoa vilikuwa bapa, visafi, bila mabaki ya risasi ya kulehemu.

“Hapa hapajawahi kuwekwa kitu,” akakiri. “Kiwanda kilipaacha hivyo. Basi tuagize rezista Accra, Jumatatu itafika.”

“Jumatatu Sitsofe atakuwa ameshajifungua, kwa heri au kwa shari,” Enyonam akasema. Hakuwa anatafuna tena.

“Naweza kuunganisha vidoa kwa tone la risasi,” nikamwambia. “Rezista ni kinga. Bila kinga, umeme wa kompyuta ukizidi, chipu inaungua na ruta haifai tena kabisa.”

“Sasa hivi inafaa kitu?”

“Haifai.”

“Basi dada, unaniuliza nini?”

“Unacheza na mali ya watu,” Kafui akaninong’oneza.

Nikaishika tena mita. Nikapima waya wa kutuma: volti tatu na kidogo, kiasi kile kile cha chipu. Zingekuwa tano ningeacha. Nikakichovya chuma kwenye risasi, nikazuia pumzi, nikagusa. Tone likakaa juu ya vidoa vyote viwili.

Nikazirudisha nyaya, nikawasha, nikabonyeza. Maandishi yakasimama, yakasubiri amri. Nikaanza kuipandishia programu upya, na Kafui, bila kuambiwa, akaketi kando ya betri akizishika nyaya zisitikisike.