Vikombe Sita vya Bait al-Falaj

Wasionijua watasema natia chumvi. Waseme, chumvi yenyewe sikuazima kwao.

Mwaka sitini na saba, nna miezi mitano tu tangu nitoke Unguja, nilipata kazi katika kibanda cha marubani pale uwanja wa ndege wa Bait al-Falaj, Maskati: kuchemsha chai, kufagia, kunyamaza. Uwanja umezungukwa na majabali, rubani akichelewa kukata kona anaonana na mwamba. Marubani walikuwa Waingereza sita. Karani wao, Marhoon, mtu wa Unguja kama mie, ndiye aliyenifunza misemo yao, waliyorithi kwa wazee wao waliorusha ndege za mbao na turubai. Ndege wakiiita kishada, kama cha watoto. Mashine ikikorofisha bila ya sababu, basi kuna vijitu vimekaa bawani vinafyonza petroli. Na mwenzao akianguka, hawasemi kafa. Husema kenda kunywa bia, wakabadilisha mazungumzo.

Hayo alinifunza. Moja alilisahau.

Asubuhi moja redio ilileta habari kutoka Ibri: ndugu yangu Harub, mpishi wa kambi ya huko, tumbo limemvimba gumu kama ngoma, na asipofikishwa Maskati kabla ya adhuhuri basi tusimngoje. Rubani mkubwa, tuliyemwita Masharubu, akakubali kwenda kumchukua. Mie kwa shukrani nikavisugua vikombe vyao vyote sita kwa majivu mpaka vikang'aa, nikavifudikiza rafuni, midomo chini, kama alivyonifunza mama: kikombe kinacholala mdomo wazi, shetani hukinywea.

Wakaingia wanacheka. Kicheko kikakatika. Masharubu akavua miwani yake. Mmoja alirudi kinyumenyume mpaka mgongo ukagonga mlango. Hakuna aliyenitukana, na hilo ndilo lililonitisha.

Marhoon akanivuta kando. Kumbe kwao kikombe hufudikizwa siku mwenyewe akishakwenda kunywa bia.

"Umewazika wote sita, Thani," akasema. "Haruki mtu leo."

Saa tatu ilishapita, na Harub yuko Ibri na tumbo lake.

Basi nikasema uongo. Mungu anisamehe, ila ulikuwa uongo mzuri. Nikamwambia Marhoon awafasirie kuwa kwetu aliyefudikiza kikombe cha mtu akikinywea yeye, shari yote humhamia. Marhoon akanitazama. Alijua vyema kwetu hakuna kitu kama hicho. Akafasiri hivyo hivyo, uso mkavu.

Nikavigeuza vikatazama juu, nikamimina, nikanywa kimoja baada ya kimoja, chai ya moto, ulimi ukababuka. Masharubu alingoja nimalize cha sita. Kisha akasema jambo kwa sauti ndogo.

"Anasema, vyema," Marhoon akafasiri. "Maadamu shari umeibeba wewe, utapanda naye, aione iko wapi."

Hilo sikulipanga.

Nikapanda. Majabali yalitusogelea hata nikaonana na mbuzi akitafuna, akanitazama kwa huruma. Juu ya bonde la Sumail mashine ikakohoa mara tatu. Masharubu akaigonga saa ya petroli kwa kidole. Mie nikatupa jicho bawani. Nilichokiona mke wangu Mahbuba kanikataza kukisimulia mbele ya wajukuu.

Harub tulimleta akiwa hai. Akapasuliwa, akapona, akaniudhi miaka arobaini mingine.

Nikarudi kibandani. Marhoon alikuwa mlangoni, ufunguo mkononi. Alikifunga tangu tulipoondoka na hakuingia mtu. Vikombe sita vilitazama juu, kama nilivyoviacha. Cha saba kilikuwa changu, cha bati, kimebonyea ubavu, nilichokiacha na chai nusu. Kilikuwa kimefudikizwa. Na rafu kavu, haina hata tone.

Nikanyoosha mkono.

"Usikiguse," akasema Marhoon.

Sikukigusa. Nilipostaafu niliukata ubao wa rafu kwa msumeno, nikaubeba na kikombe chake juu mpaka nyumbani Azaiba, nikitembea kama bibi harusi. Kipo sebuleni. Mahbuba hukifuta vumbi bila ya kukiinua. Watu wananambia nina umri mrefu. Sijui, nami siulizi. Ila mchana wageni wakishaondoka, nyumba ikitulia, husikika mle ndani ya kikombe kama mtu anamalizia chai yake, taratibu, hana haraka.