Suluhu ya Mwanatumu na Uvimbe Wake

Mwaka ule wa njaa, wa unga wa manjano wa msaada, kulikuwa na kitendawili kilichotegwa mtaani Shela, Malindi, ambacho kila mwanamke alijua jibu lake na hakuna aliyelitamka: Nina mgeni hakubisha hodi wala hakuleta zawadi, anakula kwangu, analala kwangu, na kila siku kitanda kinampungukia.

Jibu lilikuwa ndani ya gauni la Mwanatumu, upande wa kushoto.

Mwanatumu alikuwa mjane wa makamo, mkaanga mahamri. Alipouona uvimbe ulikuwa kama punje ya kunde, akauchua kwa samli. Ukawa kama korosho, akauchua kwa mafuta ya nyonyo. Maradhi yale hayatajwi kwa jina mtaani kwao. Mtu husema "maradhi yale", akageuza uso kando, akamwomba Mungu amwepushie, na mgonjwa naye hujifanya hajui kwamba watu wanajua.

Aliyeyataja ni Jedida. Huyu alikuwa muuguzi kutoka Machakos, amepanga chumba cha uani kwa Mwanatumu, na adabu ya kufichaficha maneno hakufundishwa. Siku moja alimkuta mwenye nyumba wake anajichua, akaosha mikono, akapapasa, akapapasa tena chini ya kwapa.

"Mama, hii kitu si ya kuchua," akasema. "Hii ni kansa. Inakatwa, na inakatwa haraka."

"Shusha sauti, mwanangu! Majirani."

"Majirani hawana uvimbe, mama. Ni wewe uko nayo."

Jedida hakulala juu ya neno lake. Alimwombea kitanda kwa daktari wa upasuaji huko Mombasa, akapewa Jumatatu moja mwishoni mwa mwezi. Akimpa habari alimwonya: mkono ukianza uzito niambie siku hiyo hiyo, nikuombee nafasi ya mapema, na ukiikosa Jumatatu hiyo, mama, unarudi nyuma ya foleni, na foleni ni ndefu kuliko hiyo kitu itakavyokungoja.

Mwanatumu akasema ndiyo. Lakini ndiyo ile ilikuwa ya mdomoni. Maradhi aliyaogopa, kisu alikiogopa zaidi. Na mtu anayeogopa kisu, akitokea wa kumwambia kuna njia isiyo na kisu, humwona huyo ndiye daktari.

Akatokea Abdillahi.

Abdillahi alikuwa ndugu yake mdogo na msomi wa ukoo. Ujanani alipelekwa Rumania kusomea samaki, akarudi kabla ya mtihani kwa sababu ya baridi. Elimu ni bahari, ndivyo wasemavyo. Abdillahi aliingia hadi vifundoni, akatoka akisimulia papa. Sasa alikuwa karani wa mapokezi katika hoteli moja ya watalii. Hotelini hapo alishukia Mtaliana mmoja, profesa mapumzikoni, aliyependa kuongea kuliko kuogelea, na Abdillahi ndiye pekee aliyekaa kumsikiliza, kwa kuwa ndiyo kazi aliyolipwa.

"Dada, tumekosea tangu mwanzo," Abdillahi akaanza, amekaa juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, miwani puani. "Mwili wako si kitu kimoja. Ni mji. Wakazi wake ni seli, maelfu kwa maelfu, na kila seli ina fahamu yake."

"Fahamu kama yangu?"

"Ndogo zaidi. Sasa sikiliza. Zamani za zamani, kabla hajakuwako mtu wala samaki, kila seli ilikaa peke yake baharini. Yala peke yake, yazaa itakavyo, haimjui jirani. Kisha zikapatana kukaa pamoja. Huyu ajifanye jicho, huyu ini, huyu ukucha. Zikaacha kuzaa ovyo. Ndipo tukawa sisi."

"Sisi tulikuwa povu la bahari, Abdillahi?"

"Si povu. Seli."

"Astaghfirullahi. Usimwambie maalimu wa chuo cha Kurani."

"Basi huyu wako amesahau mapatano. Amerudia ujahili wa mababu zake, anadhani yuko peke yake baharini. Si adui, dada, kapotewa na kumbukumbu. Na aliyesahau hapigwi kisu. Hukumbushwa. Ndiyo fikra mpya hiyo, Ulaya nzima wanaizungumza. Profesa mwenyewe maradhi haya yamempitia, anajua asemalo."

Tusiwe wabaya wa kuhukumu. Maneno yale yalikuwa mazuri. Mwanatumu aliyatia moyoni kama mtoto atiavyo tende mdomoni. Tangu alfajiri ile, akiisha kuukanda unga, hukaa upenuni, akaweka mkono kwapani, akasema, "Subalkheri, mwenzangu. Umelalaje?"

Kwa unene aliokuwa akiuongeza, mwenziwe alikuwa akilala vizuri.

Wiki zikapita. Akamweleza habari za mababu, akamkumbusha ujirani, akambembeleza. Mkono wa kushoto ukawa mzito, unga haukandiki. Hakumwambia Jedida, alimlalamikia Abdillahi, naye Abdillahi akafikiri, akapiga goti kwa kiganja.

"Nimejua kosa! Umemsemesha peke yako. Huyu ni mtoro wa mji mzima, naye hurudishwa na mji mzima. Dada, mwana akitoroka kwao sisi hufanyaje? Mke akivunja nyumba sisi hufanyaje?"

"Huitwa wazee wakasuluhisha."

"Ewaa! Tutakaa suluhu."

Jedida aliposikia alicheka hata akashika ukuta. Kisha akaona wenziwe hawacheki. "Mama, Jumatatu ndiyo hii inakuja," akasema. "Hao wazee wakikwambia usiende, utaenda?"

Mwanatumu akaendelea kuchekecha unga. Yeye ni mjane, na neno la wazee wa ukoo likishakatwa hajawahi kulivuka.

Wakakutana Jumamosi alasiri, wala msidhani walifanya mzaha. Halua ililetwa katika sinia lililofunikwa kawa, kahawa chungu ikapashwa. Ami Shebwana, mkubwa wa ukoo, alitoka Takaungu kwa gari la asubuhi, kanzu imepigwa pasi. Akaja na Aly, binamu yao, bingwa wa kusemea watu katika suluhu. Mtu ambaye angeweza kumtetea paka mbele ya samaki, na samaki akaomba radhi. Abdillahi akakaa katikati na karatasi zake.

Kwa desturi, mwanamke anayesuluhishwa hukaa chumbani nyuma ya pazia, akajibu akiulizwa. Basi siku ile mlalamikaji na mlalamikiwa walikaa nyuma ya pazia moja, ndani ya gauni moja. Jedida akawa kasimama kwenye mlango wa uani, mikono kiunoni. Hakualikwa, hakufukuzwa.

Ikasomwa Fatiha. Ami Shebwana akakohoa.

"Tumekuja kwa heri. Mlalamikaji ni mwenetu. Na mlalamikiwa, kwa maelezo ya Abdillahi, naye ni damu yetu. Kuhukumu kwa kusikiliza upande mmoja ni dhulma. Aly, wewe utamsemea huyu... huyu..."

"Mtoro," Abdillahi akamsaidia.

"Utamsemea Mtoro."

Aly akaweka kikombe chini. "Kabla sijasema, ami, mteja wangu anakaa upande gani?"

"Kushoto," akasema Abdillahi, akitazama dari.

"Kushoto wapi?"

"Aly, kuna heshima. Mahali pale."

"Vyema. Mteja wangu, wazee wangu, ni mzalia. Hakuja kwa meli, hakupanga chumba." Hapo akamtupia jicho Jedida. "Kazaliwa humu, kalelewa humu, jasho la nyumba hii ni jasho lake. Leo anaitwa maradhi! Nauliza: alitendwa nini hata akajitenga?"

"Suali zuri hilo," akasema Ami Shebwana, akimega halua.

"Mwanatumu, tangu afiwe na mumewe, hapati usingizi. Usiku kucha na unga, mchana kutwa na moto. Akisemeshwa, hasira. Chumvi nyingi, kucheka hakuna. Katika nyumba ya namna hiyo, ni nani angekaa kwa utulivu?"

"Kweli," Abdillahi akadakia, "fikra mpya zinasema hivyo. Seli inahisi. Nyumba yenye dhiki ndiyo inayotoa watoro."

Ami Shebwana akageukia pazia, sauti ya upole. "Mwanatumu mwanangu, hebu sema kweli. Ulimtenda nini?"

Nyuma ya pazia, Mwanatumu alikuwa ameshika mkono wake mzito kama ameshika mtoto wa mtu. Sauti ile ya upole aliijua. Aliisikia katika kikao cha dada yake Mwanamina, aliyekuwa na mume mwepesi wa kofi. Halua ilikuwa hii hii. Mwanamina aliulizwa hivi hivi, ulimtenda nini, akafikiri mpaka akapata la kujilaumu, akarudishwa. Akaja tena, akasuluhishwa tena, akarudishwa. Kila mara wazee waliondoka wameshiba na uso wa watu waliofanya kheri. Mara ya mwisho suluhu haikukaliwa, maana wa kusuluhishwa alikuwa amekwisha zikwa.

"Ami," akasema, "nikijibu nilimtenda nini, nitahukumiwaje?"

Aly hakungoja. "Mteja wangu si mkorofi. Yuko tayari kutoongezeka, kwa masharti. Asiitwe maradhi tena. Asemeshwe asubuhi na jioni. Na neno kisu lisitajwe nyumba hii hadi Ramadhani ipite."

"Huyo mteja amekwambia saa ngapi?" Jedida akapaaza sauti kutoka mlangoni. "Mimi nimekaa hapa tangu mwanzo, sijasikia akifungua mdomo!"

"Mtu wa bara asiingie mambo ya ukoo!"

"Mimi mtu wa bara, na yeye uvimbe ni ukoo. Sawa, baba."

Ami Shebwana akainua mkono. Alikuwa mtu mwenye huruma, na huruma yake siku ile ilielekea kwa Mtoro. "Masharti si mabaya. Ramadhani si mbali. Hiyo safari ya Mombasa ingoje."

Mwanatumu akaona Jumatatu yake inamegwa na kuliwa pamoja na halua.

"Abdillahi," akaita. "Profesa wako, ulisema maradhi haya yalimpitia?"

"Yalimpitia, dada."

"Alisuluhishwa na wazee gani?"

Abdillahi akapanga karatasi zake, akazipangua. "Yeye... yeye alikatwa."

"Alikatwa wapi?"

"Kwao, Milano. Na daktari bingwa."

"Alikatwa kabla hajajua kwamba seli ina fahamu, au baada?"

"Baada. Lakini dada, usichukulie juujuu! Kabla hajakatwa aliitaka radhi."

Jedida aliteleza mlangoni hadi chini kwa kicheko. Hata Ami Shebwana alishindwa, kahawa ikamwingia puani.

Mwanatumu hakucheka. Alisimama, na akafanya jambo ambalo mwanamke wa ukoo ule hakuwahi kulifanya katika suluhu: alifungua pazia.

"Ami, shikamoo yako. Mimi sikatai maneno ya Abdillahi. Huenda huyu ni ndugu aliyesahau, na huenda anafahamu. Lakini jamaa waliotusahau tunao wengi, wala sijaona aliyekumbushwa kwa kahawa. Nimemsemesha kwa wema kila alfajiri. Jibu lake ni hili." Akajaribu kuinua mkono wa kushoto. Ulifika begani, ukashuka. "Suluhu imeshindikana. Nataka khului."

Khului kila mtu aliijua: ni talaka anayoinunua mke mwenyewe, kwa kumrudishia mume mahari.

"Mteja wangu hakubali," akasema Aly, kwa mazoea tu.

"Mteja wako aliingia bila posa, bila shahidi. Mahari hakutoa, nitamtolea mimi. Titi langu achukue, lote, aende nalo."

Neno lile lilianguka katikati ya sinia. Wanaume watatu wakatazama miguu yao. Hakuna aliyejua jinsi ya kubishana na neno ambalo hawezi kulitamka, na kwa kukosa kubishana, kikao kikafungwa. Ami Shebwana alinong'ona, "Mungu akusahilishie," akauliza gari la mwisho la Takaungu linapita saa ngapi.

Jumapili Jedida na Mwanatumu walipanda basi. Kilifi, basi likingoja zamu ya feri, Jedida alinunua korosho, akamlisha mama mwenye nyumba wake kama mwali. Jumatatu akakatwa.

Daktari hakuwa mtu wa maneno mengi. Alisema ametoa titi, na kwapani amekuta tezi zimeshaingiliwa, amezitoa nazo. Angekuja mara mkono ulipoanza uzito, huenda kwapa lingesalimika. Je, atapona? Sijui, akasema daktari, tutakuwa tunakuangalia. Mwanatumu alimshukuru kwa hilo "sijui". Kwao alikuwa hajalisikia kwa mwanamume.

Aliporudi Shela alikuta Abdillahi ameshasambaza habari. Barazani alikuwa akieleza kwamba upasuaji ulikwenda vyema kwa sababu kikao kilimlainisha Mtoro kwanza, na kwamba profesa ameomba aandikiwe kisa chote kwa Kiingereza. Watu wakatikisa vichwa. Wawili walikwisha muuliza kama suluhu yafaa kwa kisukari.

Mwanatumu akamwita, alfajiri. Mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya mto, umevimba, haujui tena kazi. Mbele yake palikuwa na beseni la unga.

"Vua saa," akamwambia. "Kanda."

"Dada, mimi nina zamu hotelini."

"Mkono wangu umekwenda kwa maneno yako. Nipe wako."

Abdillahi akavua saa. Akakanda, kwanza kwa ncha za vidole kama anayepapasa mbuzi wa mtu, kisha kwa viganja. Punde akachangamka.

"Ajabu ya Mungu, dada. Unajua hamira nayo ni seli? Iko hai hii! Na kila moja inakaa peke yake, kama zile za zamani nilizokwambia. Pengine hata sasa inafahamu kwamba..."

"Inafahamu kwamba jua linatoka na wateja wanakuja. Chini hujageuza."

Akageuza. Mwanatumu akanyunyiza maji kwa mkono wa kulia, akaegemea ukuta, akatazama jasho likishuka kwenye miwani ya ndugu yake.

"Nguvu zaidi," akasema.