Upande Ule wa Wavu

Mama Hamisa wa nyumba ya pili anaapa kwa Mungu kwamba jana adhuhuri, alipopita dirishani kwetu na ndoo yake kichwani, alimwona dada yangu Mwantumu amekaa kitako juu ya mkeka, vidole gumba vinakimbia juu ya gemu yetu ya mkononi, anacheka peke yake. Nikamuuliza, Mama Hamisa, Mwantumu huyu huyu? Akasema, ehee, kwani mnao Mwantumu wangapi humo ndani? Tena nimemsalimu hakuniitikia, nikajua huyu kapona, majivuno yamemrudia. Nikarudi ndani kwa mgonjwa. Dada Mwantumu ana homa iliyomlaza tangu mwezi uandame. Hainui kikombe, hasemi, macho yako wazi lakini hayashiki kitu. Zahanati wamesema apelekwe hospitali ya mkoa upesi, asije akatuponyoka, na mama amekwenda kuhangaikia gari. Kazi yangu mimi ni kumwangalia, na kuangalia naweza. Naijua pumzi yake inavyokuja, inavyofika kooni, inavyokwama kidogo halafu ikashuka. Maneno ya Mama Hamisa yangepita kama yanavyopita mengine yake, ila jana hiyo hiyo niliporudi na kuni niliikuta gemu pembeni ya mto wa dada, ina joto kama chapati iliyotoka kwenye chuma.

Gemu hiyo ni kuukuu, mama aliikuta mfukoni mwa koti la mtumba. Haina rangi, ni vivuli tu juu ya kioo cha kijivu. Ndani yake kuna voliboli ya ufukweni: mchanga, wavu, jua, watu wawili huku na wawili kule, na nyuso hawana. Sisi watu wa Kondoa bahari hatujaiona, bahari yetu ni hiyo. Ni gemu ya mtu mmoja lakini tumeicheza wawili tangu utoto, bega kwa bega, mimi nimeshika kitufe cha kushoto cha kuwakimbiza watu, yeye cha kulia cha kupiga. Mimi nampeleka penye mpira, yeye anapiga. Kupiga sijawahi. Basi leo mchana nimezianika betri juani, maana zikipata joto zinafufuka kidogo, na moja nimeing'ata kwa meno, nikazitia, nikajilaza kwenye mkeka ubavuni kwa dada nione anachokiona. Kinanda cha gemu kinalia ti-ti-tii, pumzi ya dada inakuja, inafika, inakwama, ti-ti-tii, na mimi kope zinakuwa nzito, nauona mchanga ule wa kijivu unakua, unatoka nje ya kioo, unafika magotini kwangu, na sasa nimesimama juu yake.

Mchanga hauna joto wala baridi. Jua ni duara jeusi limebandikwa juu na haliendi popote. Barabara zimenyooka, kila moja inaishia kwenye wavu, na nyuma ya wavu inaendelea, ikakutana na wavu mwingine, ikaendelea. Natembea, na naona kwamba miguu hainitii mpaka nisogeze kidole gumba cha kushoto, basi nakisogeza, natembea. Nafika kwenye mji. Nyumba za huku zimeangaliana na nyumba za kule, mlango kwa mlango, na mwanamke anayefagia huku ana mwanamke anayefagia kule, ufagio kwa ufagio. Nasema, shikamooni mama zangu. Wanainuka wote wawili pamoja, wananigeuzia nyuso, na nyuso ni laini kama yai lililomenywa. Marahaba haiji. Wananyoosha mikono kuonyesha njia, huyu kushoto na huyu kulia, na nikifuata mkono wowote nafika pale pale, kwenye kiti kirefu kama ngazi, na juu yake refa, naye hana uso, ana filimbi tu pale pa mdomo. Shikamoo mzee. Anasema, kutoka upande upi? Nasema, namtafuta dada yangu. Kila anayecheza hapa ni dada wa mtu, anasema. Wangu ni Mwantumu. Basi yuko pale ambapo mpira haujaanguka. Na ukianguka? Aliyeangukiwa hutoka, akaenda kwao. Na asiyeangukiwa? Hucheza. Mpaka lini, mzee? Anainua kidole kwenye jua lile lisilotembea. Halafu anainama kutoka juu, anainama sana, mpaka filimbi inanigusa sikio, na anachosema sasa hakina fumbo: ukiitwa jina lako huku, usiitike. Anayeitika hubaki.

Anapuliza, na mbele yangu kuna wavu, na upande ule wa wavu yupo Mwantumu. Mzima. Mikono imejaa, khanga kaifunga kiunoni, na ana uso, yeye peke yake katika nchi nzima hii ana uso. Pembeni yake amesimama mtu wa kimo changu, bega la kushoto limeshuka kama langu, na uso hana. Amesimama mahali pangu. Nataka kupiga kelele, dada! Naung'ata ulimi, maana akiitika je? Yeye ananitazama kama anavyotazamwa mpita njia. We wa upande ule, anasema, umekula kweli leo? Anarusha mpira, anaupiga, nauokoa kwa taabu. Mpira unarudi kwake, laini, mkononi kabisa. Anacheka. Haya ndiyo mapigo gani, unapiga mpira au unasonga ugali? Anaupiga tena, naurudisha tena, na tena unamfuata yeye, kwa sababu mikono yangu haijui kazi nyingine, maisha yake yote mpira mimi nampelekea. Anaruka juu kuliko wavu, anatua kama paka, jasho linang'aa, na kicheko kile sijakisikia tangu augue. Nani ana moyo wa kumtoa mtu kwenye kicheko akamrudishe kwenye homa? Napunguza nguvu. Nasema moyoni, mwache, acheze. Wimbi la bahari nisiyoiona linakuja nyuma yangu, linafika, linakwama kidogo, halafu linashuka. Nasimama. Linakuja tena, linafika, linakwama, na safari hii linakaa sana kabla ya kushuka. Kukwama huko nakujua. Hiyo si bahari, ni dada yangu kwenye mkeka, na pumzi inazidi kuchelewa.

Mpira unakuja. Kidole gumba cha kulia kigumu kama cha mtu mwingine, nakikunja, nakikandamiza kwa nguvu ya mwili mzima, na kwa mara ya kwanza napiga mimi. Napiga pale asipokuwepo. Mpira unapanda, unapita juu ya wavu, unaning'inia hewani kama umesahau kushuka. Yule aliyesimama mahali pangu hasogei. Mwantumu anakimbia, anaona kwamba hafiki, anasimama. Hautazami mpira tena. Ananitazama mimi, na kitu kinarudi machoni mwake polepole, kama mtu anayewashiwa taa chumba cha ndani. Tunu? anasema. Tunu, mdogo wangu, ni wewe? Sisi tumelelewa kwa mama ambaye mkubwa akikuita usipoitika kofi linakuwahi kabla hujageuka. Mdomo wangu hauniulizi.

Abee dada.

Mpira unaanguka miguuni pake. Ti-ti-tii. Mchanga unanywea, barabara zinajikunja zote kama mkeka, na nafumbua macho, au yalikuwa wazi muda wote. Dari ni lile lile la kwetu, bati lina tundu lile lile. Nje gari linanguruma, na sauti ya mama inauliza, mgonjwa keshavalishwa? Nataka kusema anavalishwa, lakini ulimi umelala. Nataka kugeuza shingo nimwone dada ubavuni, shingo haigeuki. Mtu ameketi kitako karibu yangu, paja lake linagusa bega langu, ananukia mafuta ya nazi ya Mwantumu, na gemu anayo mapajani, imezimika. Nautafuta uso wake. Dirisha liko nyuma yake na mwanga umejaa, na pale penye uso naona mwanga tu. Huenda ni yeye amerudi. Huenda mimi ndiye sijarudi, na hapa ni mji mwingine wa kule, wenye mama wake na gari lake. Miguu ya watu inakuja ukumbini. Ananiinamia sikioni, sauti ni ya Mwantumu, inatetemeka, anasema, Tunu, kama unanisikia nikonyeze, jicho moja tu, mdogo wangu, kabla hawajaingia.