Chupa Mbili za Aina Moja

Mwalimu Winfrida alipokuja kusema kwamba Kidato cha Pili hawaelewi somo la seli na nishati, mwalimu Sauda hakumpa pole. Alimuuliza, "Umewafundisha nini?"

"Kilichomo kitabuni," Winfrida akajibu, akikung'uta mwavuli mlangoni. "Mwenzangu, mimi ni mtu wa kemia. Hiyo mitokondria nimeitamka namna tatu, nikawaambia wachague wenyewe."

"Wameichora?"

"Wameichora. Mmoja kachora andazi, mwingine kachora kiatu. Nikawaambia kila seli iliyo hai inachoma chakula ipate nishati na joto. Abrahamu akanyoosha mkono akauliza, basi moshi wake unatokea wapi."

"Swali zuri. Moshi wenyewe ndiyo hiyo hewa anayoitoa puani. Ungemjibu hivyo."

"Ningemjibu hivyo kama ningejua," Winfrida akasema, akaketi.

Sauda alikuwa katika eda. Mume wake Mudathiri, fundi cherehani wa pale Msasani ya Tukuyu, alikuwa amefia dukani wiki kadhaa nyuma, na mwanamke wa Kiislamu aliyefiwa na mume hukaa nyumbani kwake miezi minne na siku kumi. Haendi sokoni, haendi kazini. Mkuu wa shule alikubali Winfrida amshikie vipindi, ila andalio la kila somo aliandike Sauda mwenyewe. Hilo halikumtia shida. Tangu amalize stashahada yake ya ualimu alikuwa anaandika maandalio kama wengine wanavyosuka mikeka, mkono unakwenda wenyewe. Na kusema kweli, wiki zile, kazi ile ndiyo iliyokuwa inamwamsha kitandani.

"Hao hawataelewa mpaka waone," alisema. "Tufanye jaribio la maharage. Yaliyoanza kuota unayatia kwenye chupa ya chai, yaliyochemshwa unayatia kwenye chupa nyingine. Kipimajoto ndani, pamba mdomoni. Siku mbili tu. Yaliyo hai yatapandisha joto, yaliyokufa hayatapandisha. Hapo Abrahamu hatauliza tena habari za moshi."

"Vipimajoto viko maabara. Chupa za chai ndiyo hatuna. Mimi ninayo moja, lakini kizibo chake nimekifunga na nailoni."

"Haitufai. Nataka chupa mbili za aina moja, zilizonunuliwa pamoja. Ikiwa moja ni mbovu watasema imepoa kwa ubovu wake, na watakuwa na haki."

"Na utazipata wapi chupa za namna hiyo?"

"Ninazo," Sauda akasema, na macho yake yakapanda juu ya kabati.

Zilikuwa mbili kweli, za bluu, zenye ua jeupe ubavuni. Mudathiri alizinunua zote kwa pamoja Kiwira, akirudi kutoka Mbeya alikofuata vitambaa. Moja ikawa ya nyumbani, nyingine ikawa ya dukani. Ile ya dukani ililetwa siku ya mazishi na Ezron, fundi viatu wa duka la jirani, pamoja na miwani, kofia na utepe wa kupimia. Shamimu, binti yao, aliipokea mikononi mwa Ezron, akapanda kigoda akaiweka juu ya kabati. Tangu siku hiyo hakuna aliyeigusa. Sauda alidhani ni tupu.

"Ndaga fijo, mama Shamimu," Winfrida akamshukuru kwa lugha ya kwao, akafungua mwavuli. "Kesho kutwa asubuhi nazingoja."

Maharage yalikuwa tayari. Ni ya kutoka Suma, yale mekundu manene, Sauda alikuwa ameyaloweka kwa ajili ya mboga yakasahaulika, na sasa yalikuwa yanatoa vimizizi vyeupe ndani ya bakuli karibu na jiko la mkaa. Katika baridi ya Tukuyu, bila jiko yangelala wiki nzima. Akavuta karatasi, akaandika mada, akaandika lengo, akaandika vifaa. Kwenye hatua ya kwanza aliandika: chemsha nusu ya maharage mpaka yafe. Akatazama neno hilo kidogo, halafu akaendelea na hatua ya pili.

Shamimu alirudi na sare imelowa mabegani. Alikuwa katika darasa hilohilo la Kidato cha Pili, dawati la pili kutoka mbele, msichana mrefu aliyerithi vidole vya baba yake. Tangu msiba hakuwa msemaji. Alisalimia, akabadilisha nguo, akaja kuketi karibu na jiko.

"Nishushie chupa ya baba yako," Sauda akamwambia bila kuinua kichwa. "Uioshe na hii ya hapa. Zinakwenda shule."

Shamimu hakusogea.

"Unanisikia?"

"Nakusikia, mama. Chukueni ya mwalimu Winfrida."

"Ya mwalimu Winfrida ina kizibo cha nailoni. Shusha."

"Azimeni kwa mtu."

"Kwa nani? Nataka inayofanana na hii, na inayofanana na hii iko moja tu, iko juu ya kichwa chako. Shamimu, mimi sibishani na mtoto habari ya chupa."

"Basi usibishane," Shamimu akasema, taratibu tu, na hilo likamfanya Sauda aweke kalamu chini. Mtoto huyu hakuwa na tabia ya kujibizana.

Sauda akavuta kigoda, akapanda mwenyewe, akaishika chupa kwa mkono mmoja kama mtu anayeshika kitu kitupu. Ikamvuta mkono. Ilibidi aishike kwa miwili.

Akashuka nayo polepole. "Ina kitu ndani," alisema.

"Ina chai."

"Chai gani?"

"Niliyompikia siku ile." Shamimu alikuwa anatazama makaa. "Usiku wake alikohoa sana. Nikaamka alfajiri, nikapika ya tangawizi, nikamjazia. Mjomba Ezron alipoileta nikasikia nzito. Sijaifungua."

"Wiki zote hizi?"

"Sitaki kuifungua. Nikiifungua nitajua kama alikunywa au hakunywa." Akafuta pua kwa kiganja. "Kama imepungua hata kikombe, sawa. Lakini kama imejaa mpaka juu, basi alikufa na njaa na baridi, na chai ikiwa hapo miguuni kwake. Labda haikuwa nzuri. Labda nilizidisha tangawizi. Iacheni, mama. Ikikaa hivi naweza kusema alikunywa."

Sauda aliketi, chupa mapajani. Alikuwa mwanamke anayewaambia wazazi shuleni kwamba mtoto wao ni mvivu, akawaambia na sababu. Mvua ilipiga bati. Angeweza kuipeleka chupa ile nyuma ya nyumba peke yake, akaimwaga, akarudi na kusema ilikuwa nusu. Shamimu angeamini, kwa sababu mama yake hakuwahi kumdanganya.

Ndiyo maana hakuweza.

"Simama," akasema. "Tunaifungua pamoja."

"Mama, tafadhali."

"Simama. Baada ya hapo nina neno la kukuambia, lakini nataka kwanza uone, usije ukasema nilikutungia."

Walitoka mlango wa nyuma, wakasimama kwenye migomba, chini ya majani mapana yaliyokuwa yanachuruzika. Sauda akakifungua kikombe cha juu. Kilikuwa kikavu na safi, hakuna hata alama ya chai. Shamimu akakiona. Kisha Sauda akanyonga kizibo. Chupa ikatoa pumzi kwa nguvu, harufu ya uchachu ikawapiga usoni. Chai ilikuwa imejaa mpaka shingoni, na juu yake imeota utando mweupe kama ngozi.

Shamimu alichuchumaa pale kwenye matope, akashika kichwa.

"Hakunywa," Sauda akasema, kwa sababu hivyo ndivyo ilivyokuwa. "Sasa nisikilize. Siku ile ilikuwa Alhamisi. Baba yako alikuwa amefunga."

Shamimu akainua uso.

"Swaumu ya sunna. Alikula daku na mimi, wewe umelala. Aliporudi kutoka msikitini akakukuta jikoni umeshajaza chupa, unapuliza moto kwa macho mekundu. Hakutaka kukuambia umeamka bure. Akaichukua. Mlangoni nikamwambia, wewe si umefunga, chai ya nini? Akaniambia, hii chupa inashika joto mpaka magharibi, nitafuturu nayo. Halafu akasema usimwambie mtoto, atasikitika kwamba kanipikia bure."

"Mbona hukuniambia?"

"Alinikataza."

"Lakini alishakufa, mama."

"Ndiyo. Alikufa, mimi nikabaki na alichonikataza." Sauda alitazama chupa. "Sikujua kwamba unalala na jambo hili. Ungeniuliza ningekujibu."

"Wewe huulizwi, mama. Wewe mtu akilia unampa ufagio."

Kweli ilikuwa hivyo; siku ya tatu ya msiba alikuwa amempa mtoto huyuhuyu ufagio, akamwambia uwanja mchafu. Sauda akainamisha chupa, chai ikatoka na utando wake, ikamwagika kwenye shina la mgomba. Shamimu alitazama mpaka tone la mwisho. Kisha alilia, kwa sauti ya mtoto mdogo kuliko yeye, na safari hii mama yake hakumtuma kitu. Alisimama tu kando yake, sketi inalowa.

Jioni, walipokuwa wanachagua maharage, Shamimu aliuliza, "Hayo ya kuchemsha yakitoka jikoni si yatakuwa ya moto?"

"Yatakuwa ya moto. Ndiyo maana tunayaacha yapoe kwanza. Joto hilo ni la jiko, si lake."

"Na ya baba itakuwa chupa ipi? Ya yaliyo hai, au hii nyingine?"

"Yoyote. Nilitaka zifanane kusudi isijalishe."

Shamimu aliivuta ya baba yake, akaitia yale yenye vimizizi, kiganja baada ya kiganja. Sauda akachukua karatasi ya andalio, akaandika kwamba maharage yote yasuuzwe kwa maji yenye jiki kidogo, ile dawa ya kutoa madoa, ili kuvu wasije wakaota ndani na kuleta joto lao wakaharibu majibu. Kisha akakumbuka Shamimu ameshajaza, wakayamwaga yote wakaanza upya, na Shamimu akacheka kidogo huku macho yamevimba.

Chupa zilikwenda shule. Sauda alizisindikiza mpaka kizingitini tu, akasimama hapo akimtazama binti akishuka njia nyekundu na chupa mbili amezifunga ndani ya kitenge, moja kila kwapa.

Zilirudi siku mbili baadaye, somo lilipokwisha. Shamimu alisema kipimajoto cha ile ya yaliyo hai kilikuwa kimepanda vizuri, cha ile nyingine kimelala palepale. Mwalimu Winfrida alipiga makofi peke yake. Abrahamu alisema haamini namba, anaamini mkono, akatumbukiza vidole mdomoni mwa chupa, akavitoa akaandika namba daftarini.

"Na wewe ulishika?" Sauda akauliza.

"Sikushika. Walikuwa wengi."

Sauda akaichukua ya Mudathiri akatoka nayo nyuma, kwenye migomba, kwani maharage yale yenye jiki hayaliwi. Akatoa pamba, akainamisha. Yalimwagikia kiganjani yakiwa yamekumbatana kwa mizizi, na yalikuwa na joto. Si la moto. Vuguvugu, kama mkono wa mtu.

Siku ile ya kifo, Ezron alipomwita dukani, Sauda alimkuta Mudathiri amelaza kichwa kwenye cherehani, suruali ya mwanafunzi bado iko chini ya sindano. Aliushika mkono wake, na mkono ulikuwa una joto hivi hivi. Yeye mwalimu wa baiolojia, anayejua joto linakaa kwa muda gani na kwa nini, alimwambia Ezron yu hai, kimbia ukalete gari. Ezron alikimbia. Na yeye aliushika mkono ule, akausikia ukipoa ndani ya mkono wake kabla gari halijafika. Hakumwambia mtu.

"Mama." Shamimu alikuwa mlangoni. "Chai iko tayari. Niitie chupa ipi?" Akasogea. "Umeshika nini?"

"Maharage."

"Si tunayatupa?"

"Yana joto," Sauda akasema, na sauti ikamkatikia hapohapo. Machozi ambayo watu wa msibani waliyangoja wakachoka yakaja yote kwa pamoja, mdomo ameufumba, mabega yanatikisika.

Shamimu aliweka kiganja chake juu ya ngumi ya mama yake, akaibana. Ukungu ulikuwa unashuka kutoka mlimani, na wakakaa hivyo mpaka maharage yakapoa kabisa.

Kisha Sauda akayatupa chini ya mgomba, akajifuta uso kwa mtandio. "Lete maji ya moto," alisema. "Isuuzwe vizuri ndiyo utie chai."